Kuhamisha Linux kwenda kompyuta nyingine: kipi kimo ndani ya diski na kipi hubaki kwenye bodi

Katika duka moja la kuchapa na kutoa fotokopi pale Wandegeya, jijini Kampala, ambako wanafunzi wa Makerere hupanga foleni kila mwisho wa muhula wakiwa na flashi mikononi, kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2012 ilizimika siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu kupita kiasi. Bodi kuu iliungua, diski haikuguswa. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Hajati, alikuwa amekwisha kununua kompyuta nyingine, ndogo, ya mtumba, lakini ya miaka ya karibuni zaidi, na alitaka kujua jambo moja tu kutoka kwangu: "Fundi, kazi zangu zote zimo humo ndani. Utazihamisha, au tunaanza upya?"

Aliposema kazi zake hakukusudia faili peke yake. Alikusudia printa zilizokwisha kupangwa, fonti alizoongeza mwenyewe, violezo vya barua, daftari la wateja wanaodaiwa, na hata mpangilio wa skrini ambao wasaidizi wake wawili wameuzoea. Mfumo ukisakinishwa upya, faili hurudi kwa muda mfupi, lakini hayo mengine hudai siku nyingi za kukumbukakumbuka, na kila programu inayopakuliwa tena hula bando la data ambalo halitolewi bure. Kwa hiyo swali la kuhamisha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yake, nzima kama ilivyo, pamoja na mipangilio yake yote, si mchezo wa wapenda kompyuta. Ni swali la gharama.

Jibu ni kwamba inawezekana, na mara nyingi ni rahisi kuliko anavyodhani mtu aliyezoea Windows. Sababu yake iko katika namna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ile ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, inavyobeba draiva zake, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa. Draiva za Linux hazisakinishwi moja moja kulingana na kompyuta uliyonayo. Nyingi huja pamoja na kerneli yenyewe, zikiwa moduli zilizopangwa ndani ya saraka ya /lib/modules, zikingoja kuitwa. Kila kompyuta inapowashwa, kerneli huuliza vifaa vyote vilivyounganishwa vijitambulishe, kila kifaa hujibu kwa namba ya mtengenezaji na namba ya aina yake, na programu iitwayo udev huita moduli inayolingana na namba hizo. Hakuna orodha ya vifaa iliyoandikwa siku ya kwanza ikabaki kuwa sheria. Mfumo haukumbuki nyumba ya jana. Kila asubuhi hupiga hodi upya.

Ugumu, basi, hauko kwenye draiva kama watu wanavyodhani. Uko kwenye mambo machache ambayo ama hayamo kwenye diski kabisa, kwa kuwa yamehifadhiwa kwenye bodi kuu, ama yamo kwenye diski lakini yanaitaja nyumba ya zamani kwa jina. Ukiyajua hayo, uhamisho unageuka kuwa kazi ya mchana mmoja.

Mikono minne ya kuwasha mfumo

Kompyuta inapowashwa, kazi hupita mikono minne kabla ya ukurasa wa kuingilia kuonekana. Wa kwanza ni programu iliyomo ndani ya chipu ya bodi kuu, ambayo katika kompyuta za zamani ni BIOS na katika za sasa ni UEFI. Hiyo huiita programu ya kuanzisha mfumo, ambayo kwa Linux nyingi ni GRUB. GRUB hupakia kerneli pamoja na kifurushi kidogo kiitwacho initramfs. Kerneli, ikisaidiwa na kifurushi hicho, huitafuta patisheni (sehemu ya diski) yenye mfumo wenyewe na kuukabidhi usukani. Karibu kila uhamisho uliokwama mbele ya macho yangu ulikwama kwenye mojawapo ya makabidhiano hayo matatu, na inafaa kuyatazama moja moja bila haraka.

BIOS ni nyepesi wa mawazo. Husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, na kutekeleza inachokikuta humo. Kila kinachohitajika kimo ndani ya diski yenyewe, na ndiyo maana diski ya Linux iliyotolewa kwenye kompyuta ya BIOS na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine ya BIOS kwa kawaida huwaka bila kuulizwa chochote. Mafundi waliojifunza kazi zama hizo ndio wanaosema hadi leo kwamba kuhamisha Linux ni kuchomoa na kuchomeka. Walikuwa sahihi kwa wakati wao.

UEFI haifanyi hivyo. Yenyewe hutafuta patisheni maalumu yenye muundo wa FAT32, na ndani yake faili yenye kiambishi cha .efi. Lakini patisheni hiyo inaweza kuwa na faili kadhaa za namna hiyo, kwa hiyo UEFI huweka orodha inayosema ni faili ipi iitwe kwanza, na orodha hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya bodi kuu. Hapa ndipo fundo lilipo. Kwa mfano Debian, mojawapo ya aina za Linux, inaposakinishwa kwenye kompyuta ya UEFI, huandika kwenye bodi ile kwamba mfumo huanzishwa kwa faili iliyomo katika saraka ya EFI/debian. Diski inapohamia kwenye bodi nyingine, faili inasafiri nayo, lakini ile kumbukumbu inabaki nyuma. Bodi mpya haina habari yoyote. Hutazama mahali pa akiba, yaani njia ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na isipokuta kitu hapo hutangaza kwamba hakuna diski ya kuwashia. Nimewahi kuona diski nzima kabisa, yenye miaka minne ya hesabu za duka la dawa, ikikaribia kufutwa na kijana aliyeamini imekufa, kumbe kilichokosekana ni faili moja mahali pake.

Tiba yake ni kuiweka GRUB kwenye ile njia ya akiba kabla ya kuhama, kwa kuongeza neno `--removable` kwenye amri ya `grub-install`, ili bodi yoyote itakayoipokea diski iikute. Ikiwa kompyuta ya zamani bado ni nzima, amri hiyo moja inayotolewa jioni ya kuamkia uhamisho huokoa asubuhi yote ya kesho yake.

Kugumu zaidi ni kuvuka kutoka BIOS kwenda UEFI, na huko ndiko alikokuwa Hajati. Kompyuta yake iliyoungua ilikuwa ya BIOS, na diski haikuwa na patisheni ya FAT32 hata ya kuomba. Zamani UEFI zilikuwa na hali ya kuigiza BIOS kwa ajili ya mifumo ya kale, lakini mwaka 2017 Intel ilitangaza mpango wa kuiondoa hali hiyo kufikia mwaka 2020, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa baada ya hapo hazinayo. Anayetaka kujua mfumo wake wa sasa uliwashwa kwa njia ipi atazame kama saraka ya /sys/firmware/efi ipo: ikiwepo, ni UEFI, isipokuwepo, ni BIOS. Ni jambo la kutazama kabla ya kununua kompyuta ya kuhamia, si baada ya kununua.

Makabidhiano ya pili na ya tatu yanahusu initramfs. Kerneli inahitaji moduli fulani ili iweze kuisoma diski, lakini moduli zote zimo ndani ya diski hiyohiyo, na ufunguo haufai kuwekwa ndani ya chumba unachokifungua. Initramfs ndiyo inayoutoa ufunguo nje: ni kifurushi ambacho GRUB hukipakia kwenye RAM pamoja na kerneli, kikiwa na moduli za kutosha kuifikia diski. Swali la msingi kwa anayehama ni moduli zipi zimo ndani yake. Debian, kwa kawaida, huweka karibu moduli zote za diski, kwa kuwa faili ya /etc/initramfs-tools/initramfs.conf husema `MODULES=most`. Fedora, aina nyingine ya Linux, hubana nafasi kwa kuweka zile tu ambazo kompyuta ya sasa inazihitaji. Kwa hiyo Fedora iliyozoea diski ya SATA ikipelekwa kwenye kompyuta yenye NVMe, aina mpya zaidi ya diski, inaweza kusimama njiani, ikisema haiioni patisheni ya mfumo, ingawa patisheni ipo na haina dosari. Fedora yenyewe imeacha mlango wa dharura: kwenye menyu ya GRUB kuna chaguo la uokoaji ambalo initramfs yake imejengwa bila kubana. Ukiingia kwa mlango huo, amri ya `dracut --regenerate-all --force` huijenga upya initramfs kwa kuangalia vifaa vya nyumba mpya.

Kunakili, na saa zake

Njia ya kwanza ya kuhama ni kuhamisha diski yenyewe, nayo ndiyo bora kila inapowezekana, kwa kuwa hakuna kinachonakiliwa na hivyo hakuna kinachosahaulika. Lakini anayenunua kompyuta mpya mara nyingi anataka kutumia SSD (diski isiyozunguka) iliyomo ndani yake, na hapo hana budi kunakili.

Kuna kunakili kwa baiti na kunakili kwa faili. Amri ya `dd` na programu ya Clonezilla katika hali yake ya diski kwa diski hutoa pacha wa diski nzima, pamoja na patisheni na vitambulisho vyake. Faida yake ni kwamba huhitaji kufikiri sana. Hasara zake ni tatu. Kwanza, diski mpya haitakiwi kuwa ndogo kuliko ya zamani, hata kama ya zamani imejaa robo tu. Pili, `dd` hunakili na sehemu tupu: diski ya GB 500 kupitia kebo ya USB 2, inayopitisha kama MB 35 kwa sekunde, huchukua takriban saa nne, na saa nne bila umeme kukatika ni jambo ambalo Kampala huwezi kuliahidi bila UPS. Tatu, pacha ana kitambulisho kilekile cha mwenziwe. Diski zote mbili zikibaki ndani ya kompyuta moja, kerneli huona patisheni mbili zenye UUID (kitambulisho hicho) moja na inaweza kuiwasha ile usiyoikusudia. Ukafanya kazi wiki nzima kwenye diski ya zamani ukidhani uko kwenye mpya. Kwa mfumo wa faili wa Btrfs kosa hilo ni la hatari zaidi, kwani linaweza kuharibu data. Chomoa mojawapo kabla ya kuwasha.

Anayetumia `dd` kwenda kwenye diski kubwa zaidi yenye jedwali la GPT, yaani orodha ya patisheni zake, akumbuke pia kwamba GPT huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, na baada ya kunakili nakala hiyo itajikuta katikati. Amri ya `sgdisk -e` huipeleka mahali pake.

Kunakili kwa faili hutumia `rsync`, nayo ndiyo niliyoichagua kwa Hajati, kwa sababu diski yake ilikuwa ya GB 320 na NVMe mpya ilikuwa ya GB 256, ingawa vitu vyenyewe havikuzidi GB 90. Jambo la kuzingatia ni kutoinakili Linux ikiwa inatembea. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux ya majaribio, inayowaka bila kusakinishwa, fungua diski zote mbili ukiwa nje, ya zamani ikiwa katika hali ya kusomwa tu, kisha nakili:

```
rsync -aHAX --numeric-ids /media/zamani/ /mnt/
```

Herufi hizo zina kazi, na aliyeziacha hujuta baadaye. Herufi `a` hutunza wenye faili, ruhusa na tarehe. `H` hutunza faili zinazoshirikiana mahali pamoja, zisije zikaongezeka mara mbili. `A` na `X` hubeba ruhusa za ziada ambazo macho ya kawaida hayazioni. Neno `--numeric-ids` huzuia wenye faili kutafsiriwa kulingana na majina yaliyomo kwenye flashi, ambayo hayahusiani na yako. Na ule mkwaju (/) baada ya neno zamani si urembo: bila huo, saraka yote itaingia kama chumba ndani ya nyumba mpya badala ya kuwa nyumba yenyewe.

Ikiwa diski ya zamani inatoa sauti ya kugonga au inasoma kwa kusitasita, usianze na `rsync`. Itazame kwanza kwa `smartctl`, na ikionyesha sekta mbovu, tumia `ddrescue`, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kurudia zilizokataa mwishoni, wakati diski ingali hai.

Kilichotokea Wandegeya

Kabla ya kunakili chochote, nilikwama. Niliwasha kompyuta mpya kwa flashi, nikaandika `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, nikaiona flashi, nikaiona diski ya zamani niliyoiunganisha kwa kebo ya USB, lakini NVMe haikuwepo. Msaidizi mmoja wa Hajati akasema tumeuziwa kompyuta isiyo na diski. Haikuwa hivyo. Kompyuta nyingi zilizokuwa za ofisini huko Ulaya hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa diski wa RAID wa Intel, ambao katika mashine kadhaa huificha NVMe isionekane na Linux. Niliingia kwenye mipangilio ya UEFI, nikabadilisha RAID kuwa AHCI, na diski ikajitokeza. Anayehama na Windows yake kwenye diski hiyo asifanye badiliko hilo bila kujitayarisha, kwani Windows iliyosakinishwa chini ya RAID inaweza kukataa kuwaka. Kwetu haikuwepo ya kuogopea.

NVMe niliigawa sehemu mbili: MB 512 za FAT32 kwa ajili ya UEFI, na zilizobaki ext4 kwa mfumo. Baada ya `rsync` kumaliza, ilibaki kuingia ndani ya mfumo ulionakiliwa bila kuuwasha, kwa njia ya `chroot`, ili kuweka GRUB ya UEFI badala ya ile ya BIOS:

```
mkdir -p /mnt/boot/efi
mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
apt install grub-efi-amd64
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-initramfs -u -k all
update-grub
```

Amri ya `apt` ilihitaji intaneti, nayo nilitoa kwenye simu kwa kebo ya USB. Ni megabaiti chache, si kama kupakua mfumo mzima. Jambo moja ambalo watu hulisahau ni kwamba flashi yenyewe iwe imewashwa kwa njia ya UEFI. Ikiwa imewashwa kwa njia ya BIOS, mfumo wa ndani hauwezi kuandika kitu chochote kwenye kumbukumbu ya bodi, na ingawa `--removable` haihitaji kuandika huko, mtu atakayetumia `grub-install` bila neno hilo atapata malalamiko asiyoyaelewa.

Kabla ya `update-grub` nilifungua faili ya /etc/fstab, na hapo ndipo penye yale majina ya nyumba ya zamani. Faili hiyo humwambia mfumo patisheni ipi ifunguliwe wapi. Fstab ya Hajati ilitaja UUID, ambalo ni jambo jema, kwa sababu jina kama /dev/sda1 hutegemea mpangilio wa kompyuta na kwenye NVMe haliwezi kuwa sahihi, kwani huko majina ni ya namna ya /dev/nvme0n1p2. Lakini UUID nazo ni za patisheni zilizoumbwa nazo; nilipounda patisheni mpya, zilipata vitambulisho vipya. Amri ya `blkid` huvionyesha, na nikavinakili kwa mkono, herufi kwa herufi, nikaongeza na mstari wa patisheni ya /boot/efi.

Mstari wa swap, patisheni ya kuisaidia RAM, nilisahau kuutoa. Kwa hiyo Debian ilipowaka mara ya kwanza, ilisimama dakika moja na nusu nzima ikingoja patisheni ambayo haipo, huku Hajati akinitazama mimi badala ya skrini. Sekunde 90 ndizo ambazo systemd, programu inayoanzisha sehemu nyingine za mfumo, hungojea kifaa kilichotajwa kwenye fstab kabla ya kukata tamaa. Swap iliyokosekana humchelewesha mtu tu. Patisheni ya data iliyokosekana, isipokuwa na neno `nofail` kwenye mstari wake, humpeleka kwenye hali ya dharura, mahali ambapo mfumo unadai nywila ya msimamizi na kukataa kuendelea. Ikiwa swap ya zamani ilikuwa ikitumika kulaza kompyuta kwenye diski, jina lake limo pia kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, nako kunatakiwa kurekebishwa na initramfs kujengwa tena.

Vifaa vilivyo na masharti

Baada ya mfumo kuwaka, yapo mambo ya kutazama, mengine madogo. Jina la kadi ya mtandao litabadilika. Tangu mwaka 2013 systemd huzipa kadi majina kulingana na mahali zilipochomekwa, kwa mfano enp3s0, kwa hiyo kwenye bodi nyingine jina huwa lingine. Kwa mtu anayetumia NetworkManager na kupata anwani yake moja kwa moja, kwa kawaida hataona tofauti. Kwa aliyeandika anwani ya kudumu kwenye /etc/network/interfaces au Netplan, mtandao utakuwa kimya mpaka jina lisahihishwe. Amri ya `ip link` huonyesha jina jipya.

Kadi za picha za Intel na AMD huhama bila neno. NVIDIA yenye draiva ya kampuni ndiyo yenye masharti: ni busara kuiondoa draiva hiyo kabla ya kuhama, pamoja na faili ya xorg.conf kama ipo, kisha kusakinisha inayofaa huko mbele. Skrini ikibaki nyeusi, kuongeza neno `nomodeset` kwenye mstari wa kerneli ndani ya menyu ya GRUB kwa kawaida hutosha kukufikisha mahali pa kurekebisha.

Wi-Fi ina tatizo la namna yake. Draiva inaweza kuwemo, lakini kadi nyingi hudai pia faili ndogo za mtengenezaji zinazopakiwa ndani ya kadi yenyewe, na kompyuta mpya kuliko kerneli yako inaweza kuwa na kadi ambayo kerneli hiyo haijapata kusikia habari zake. Ndiyo maana nasisitiza kusasisha mfumo ukiwa bado kwenye kompyuta ya zamani, wakati mtandao ungali unafanya kazi, badala ya kufika ugenini bila Wi-Fi na bila njia ya kuipakua. Kebo ya mtandao au simu kwa USB ndiyo akiba.

Halafu kuna saa. Kompyuta za mtumba zinazouzwa Kampala mara nyingi betri yake ndogo ya CR2032 imekwisha, na kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka. Tarehe ikiwa mbovu, kivinjari hukataa tovuti salama na `apt` hukataa hazina zake kwa kusema bado hazijaanza kutumika. Mtu aliyetoka kuhamisha mfumo atalaumu uhamisho, kumbe ni betri ya bei ya soda.

Funguo ni suala zito zaidi. Ikiwa Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa programu zisizo na saini, imewashwa, moduli zilizojengwa nje ya kerneli, kama za NVIDIA au VirtualBox, hutiwa saini kwa ufunguo ambao mwenye kompyuta aliuidhinisha mwenyewe, na idhini hiyo nayo hukaa kwenye kumbukumbu ya bodi. Kwenye bodi mpya moduli zitakataliwa mpaka ufunguo uidhinishwe upya kwa `mokutil`. Vivyo hivyo diski iliyofungwa kwa LUKS: nywila yake inasafiri na diski na itafungua popote, lakini aliyeizoesha kujifungua yenyewe kupitia chipu ya TPM ajue kwamba TPM ni mali ya bodi ya zamani na haitatoa siri kwa nyingine. Ikiwa nywila hiyo imesahaulika kwa sababu haijaandikwa kwa miaka mitatu, itafute kabla ya kuhama. Bodi ikishaungua, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kompyuta mbili zenye jina moja

Hajati hakuhitaji sehemu hii, kwa kuwa kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekwisha kufa. Lakini shule au ofisi inayotengeneza mfumo mmoja mzuri na kuunakili kwenye kompyuta kumi huingia mtegoni hapa. Kila Linux ina kitambulisho chake katika /etc/machine-id, na seva ya SSH, inayotumika kuingia kompyuta kutoka mbali, ina funguo zake katika /etc/ssh. Nakala zikitembea na vitambulisho vilevile kwenye mtandao mmoja, kompyuta mbili zinaweza kupewa anwani moja, kwa kuwa baadhi ya mifumo huomba anwani kwa kutumia machine-id, na kila mwenye ufunguo wa seva moja anaweza kujifanya kuwa nyingine. Kwenye kila nakala, futa faili ya machine-id na uiunde upya kwa `systemd-machine-id-setup`, futa funguo za SSH na uzizalishe tena kwa `dpkg-reconfigure openssh-server`, kisha badilisha jina la kompyuta. Kwa anayehama na kuiacha ya zamani, kuvitunza vitambulisho hivyo ni bora, kwani waliozoea kuingia kwa SSH hawatapata onyo lolote.

Pale ambapo kuhama hakufai

Upo mpaka ambao hakuna amri inayouvuka: aina ya prosesa. Linux ya prosesa za Intel na AMD haiwezi kuwaka kwenye Raspberry Pi, kwa kuwa programu zake zote zimeandikwa kwa lugha nyingine ya mashine. Mfumo wa biti 32 utawaka kwenye prosesa ya biti 64, lakini hauna safari ndefu: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena usakinishaji wa biti 32 kwa kompyuta za kawaida. Katika hali hizo mbili nashauri kusakinisha upya, kisha kubeba saraka ya /home, faili zilizorekebishwa ndani ya /etc, na orodha ya programu inayotolewa na `apt-mark showmanual`. Si kuhama kwa ukamilifu, lakini ni kuhama kwa heshima. Nashauri hivyo hivyo kwa mfumo uliorundikiwa majaribio ya miaka kumi hadi mwenyewe hajui kilichomo. Mfumo wa namna hiyo ukiuhamisha unahama na takataka zake.

Wa Hajati haukuwa hivyo. Baada ya kuutoa ule mstari wa swap, Debian ilifika kwenye ukurasa wa kuingilia kwa sekunde zisizofika ishirini, picha ya nyuma ikiwa ileile ya wajukuu wake. Alikataa kunilipa mpaka achape. Printa ilikuwa ya USB, na CUPS, programu ya kuchapisha ya Linux, huitambua printa ya namna hiyo kwa aina na namba yake ya kiwandani, si kwa tundu ilikochomekwa. Mipangilio yake ilikuwa imesafiri ndani ya /etc/cups. Karatasi ya kwanza ilitoka ikiwa risiti ya mteja aliyekuwa akingoja tangu asubuhi. Diski ya zamani niliibandika kipande cha selotepu, nikaandika tarehe na neno "usifute", na Hajati akaifungia kwenye droo ya fedha, mahali itakapokaa angalau mwezi mmoja kabla ya mtu kuruhusiwa kuigusa.